Mahojiano ya ubingwa: Daktari na ahesabu usiku kabla ya kuomba likizo

KILA mwaka ifikapo mwishoni mwa Septemba, madaktari vijana wa Kenya waliotuma maombi ya kusomea ubingwa nchini Marekani huanza kufungua barua pepe zao mara nyingi kwa siku kuliko kawaida. Wanachosubiri ni mwaliko wa mahojiano, na mwaliko huo unapofika huwa hauna subira.

Nafasi za mahojiano hutolewa kwa tarehe na saa maalumu, na aliyewahi ndiye achaguaye. Daktari anayelazimika kwanza kumtafuta msimamizi wake ili aulize kama atakuwa na zamu siku hiyo, mara nyingi hurejea akakuta tarehe nzuri zimekwisha kuchukuliwa na wenzake wa Lahore, Lagos au Chicago.

Hapo ndipo wengi hugundua kwamba kazi ngumu haikuwa mitihani pekee. Kuna pia hesabu ya likizo: siku ngapi za kuomba, lini, na nani atakayesimama wadini wakati mwombaji ameketi mbele ya tarakilishi.

Chukua mfano wa daktari anayeishi Kiembeni, katika eneo la Kisauni, na kufanya kazi katika hospitali iliyoko kisiwani Mombasa. Kila asubuhi hupanda matatu, akashika barabara ya kutoka Malindi na kuvuka Daraja la Nyali hadi kazini. Jioni hurejea kwa njia hiyo hiyo, pamoja na maelfu ya wakazi wengine wanaorudi bara kwa wakati mmoja.

Kwa daktari kama huyu, mahojiano ya Marekani hayafanyiki Marekani. Hufanyika chumbani mwake Kiembeni, jioni au usiku, baada ya mchana wa kazi na kabla ya asubuhi nyingine ya kazi. Ndiyo maana anayehesabu mchana tu hupotea njia. Hesabu ya kweli ni ya usiku.

Msimu na kalenda yake

Utaratibu wa Marekani wa kuwapangia madaktari hospitali za kujifunzia ubingwa ulianza mwaka 1952, na husimamiwa na shirika liitwalo National Resident Matching Program. Mwombaji huorodhesha hospitali anazozitaka kuanzia anayoipenda zaidi, nazo hospitali huwaorodhesha waombaji. Kisha tarakilishi hulinganisha orodha hizo na kumpa kila mmoja mahali pamoja au kumkosesha kabisa.

Kwa daktari aliyesomea nje ya Marekani na Kanada, mlango wa kuingilia katika mpango huo ni cheti cha ECFMG, shirika linalothibitisha masomo yake na matokeo yake katika mitihani ya USMLE. Maombi mengi hutumwa kwa mfumo wa ERAS, na hospitali huanza kuyasoma mwishoni mwa Septemba.

Mahojiano huanza Oktoba, hupamba moto Novemba na mwanzoni mwa Desemba, hulegea wakati wa Krismasi, kisha hurejea Januari. Orodha za mwisho hufungwa karibu na mwisho wa Februari au mwanzoni mwa Machi. Katika wiki ya tatu ya Machi, siku ya Jumatatu, mwombaji huambiwa kama amepata nafasi. Siku ya Ijumaa huambiwa ni wapi.

Jambo la kuzingatia ni kwamba hospitali ambayo haijamhoji mwombaji kwa kawaida haimweki katika orodha yake. Kwa hiyo kila mahojiano anayoyakosa ni mlango mmoja unaofungwa, na daktari anayetoka nchi ya mbali hana milango ya kuchezea.

Hadi mwanzoni mwa mwaka 2020, milango hiyo ilibishwa kwa miguu. Mwombaji kutoka Afrika Mashariki alihitaji viza, nauli ya ndege, mahali pa kulala katika miji kadhaa, na wiki kadhaa za likizo mfululizo. Janga la korona lilipotokea, mahojiano ya msimu wa 2020 na 2021 yalihamishiwa mtandaoni, na tangu hapo hospitali nyingi zimeendelea hivyo hivyo, ingawa baadhi zimerejesha mahojiano ya ana kwa ana au ziara za hiari.

Mabadiliko hayo yaliokoa fedha nyingi. Lakini yalizua tatizo ambalo halikuwako. Daktari aliyesafiri alionekana na wote kuwa hayupo kazini. Anayehojiwa mtandaoni hudhaniwa yuko, na mara nyingi yeye mwenyewe hujidanganya kuwa anaweza kufanya yote mawili kwa siku moja.

Saa za Mombasa na saa za huko

Kosa la kwanza ambalo mwombaji anapaswa kujikinga nalo ni la saa. Kenya haibadilishi saa zake mwaka mzima, ilhali sehemu kubwa ya Marekani hurudisha saa nyuma Jumapili ya kwanza ya Novemba na kuzisogeza mbele tena mwezi wa Machi.

Kwa hiyo mwezi wa Oktoba, New York huwa nyuma ya Mombasa kwa saa saba. Kuanzia Jumapili hiyo ya Novemba, huwa nyuma kwa saa nane. Chicago huwa nyuma kwa saa nane mwezi wa Oktoba na saa tisa baadaye. California huwa nyuma kwa saa 10, kisha 11.

Maana yake ni hii. Mahojiano yanayoanza saa mbili asubuhi mjini New York katika mwezi wa Oktoba huanza saa tisa alasiri Kiembeni. Yakiwa ya mwisho wa Novemba, huanza saa kumi. Daktari atakayetumia hesabu ya Novemba katika mwezi wa Oktoba atafungua tarakilishi yake wakati wenzake wamekwisha kuhojiwa kwa saa nzima.

Kwa Chicago, saa mbili asubuhi ya Januari ni saa kumi na moja jioni ya Mombasa. Kwa California ni saa moja jioni. Na yule aliyepewa nafasi ya saa saba mchana huko California, huku Kiembeni atakuwa anaanza saa sita ya usiku wa manane, tarehe moja ikiisha na nyingine ikiingia.

Hili la tarehe huwakwaza wengi. Ratiba ya zamu hospitalini huandikwa kwa tarehe. Daktari akiomba aachwe tarehe 14 kwa sababu barua ya mwaliko imetaja tarehe 14, huku mahojiano yenyewe yakiangukia usiku wa kuamkia tarehe 15, atakuwa amepumzika siku isiyomfaa na kupangiwa zamu siku anayoihitaji.

Dawa yake ni nyepesi. Kila mwaliko na uandikwe kwenye kalenda moja, kwa saa za Mombasa tu, pamoja na tarehe na jina la siku. Pembeni yake iandikwe saa ya kumalizika, kwani mahojiano mengi huchukua nusu siku, si nusu saa: kuna maelezo ya ufunguzi, mahojiano na walimu kadhaa mmoja baada ya mwingine, na mazungumzo na madaktari walio mafunzoni. Aidha, baadhi ya hospitali huwa na kikao cha kufahamiana usiku wa kuamkia mahojiano, nacho huko Marekani huwa jioni, saa ambayo Kiembeni watu wamelala.

Sheria yasemaje

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi haki ya likizo ya mwaka isiyopungua siku 21 za kazi, kwa mshahara kamili, baada ya kila miezi 12 ya utumishi mfululizo. Hicho ni kiwango cha chini. Mikataba ya kazi na ile ya vyama vya wafanyakazi yaweza kutoa zaidi, na daktari anapaswa kuusoma mkataba wake badala ya kutegemea anayoyasikia.

Sheria hiyo inaruhusu likizo igawanywe vipande, ikiwa mwajiri na mfanyakazi wamekubaliana. Hata hivyo, isipokuwa pawe na makubaliano mengine, kipande kimoja sharti kiwe cha wiki mbili za kazi zisizokatizwa. Siku zinazosalia zaweza kuchukuliwa baadaye, mradi zisipitishe miezi 18 tangu kumalizika kwa mwaka ambamo zilipatikana.

Vilevile, sheria inampa kila mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Siku hiyo si likizo, na ndiyo ambayo waombaji wengi husahau kuiweka katika hesabu.

Daktari aliye katika mwaka wa mafunzo ya kazi baada ya chuo ana nafasi finyu zaidi. Huzunguka kutoka idara moja hadi nyingine, na siku anazokosa katika idara moja anaweza kutakiwa azifidie kabla ya kuruhusiwa kuendelea. Kwake, ni heri kuuliza kabla msimu haujaanza ni idara gani atakuwamo mwezi wa Novemba, kuliko kuomba ruhusa akiwa tayari katika wadi ya uzazi.

Jinsi ya kuzigawa siku 21

Tuseme daktari wa Kiembeni ana siku hizo 21, wiki yake ya kazi ni ya siku tano, na anatarajia mahojiano tisa: manne ya mashariki ya Marekani, matatu ya eneo la Chicago na mawili ya California.

Hatua ya kwanza ni kuomba zile wiki mbili zisizokatizwa, yaani siku 10, mapema mwezi wa Agosti au Septemba, kabla ya mwaliko wowote kufika. Aziweke katikati ya Novemba, lakini si katika wiki ya Alhamisi ya nne ya mwezi huo, kwani Wamarekani huwa katika sikukuu yao ya shukrani na mahojiano huwa machache. Mialiko inapoanza kuingia, atajaribu kuchagua tarehe zinazoangukia ndani ya wiki hizo mbili. Akifanikiwa kuyaweka mahojiano matano humo, zaidi ya nusu ya kazi imekwisha.

Yatabaki manne. Yale ya mashariki na ya Chicago huanza alasiri au jioni, wakati ambapo Daraja la Nyali lina msongamano, hivyo yahitaji siku nzima kila moja. Yale ya California huanza usiku, na siku inayohitaji kuombewa si ya mahojiano bali ni ile inayofuata, kwa sababu daktari atalala usiku ukiwa umekwenda sana. Tuseme siku moja kwa kila mahojiano, na mbili za ziada kwa vikao vya usiku wa manane. Jumla ni siku sita.

Kumi na sita ni 16, nazo ni 16 kati ya 21. Siku tano zinasalia. Hizo zisiguswe. Ni za mwaliko utakaokuja Januari bila kutarajiwa, au za msiba, au za mtoto kuugua. Mipango si matumizi, na mwombaji aliyemaliza likizo yake yote kufikia Desemba hana la kufanya mwaliko bora kuliko yote unapofika Januari.

Mtu asiye na wasiwasi na usingizi wake huweza kuuliza kwa nini siku ya pili nayo ihesabiwe. Jibu lilitolewa zamani. Mwaka 1997, watafiti Drew Dawson na Kathryn Reid walichapisha katika jarida la Nature matokeo yaliyoonyesha kwamba mtu aliyekaa macho kwa saa 17 hufanya kazi kama mtu mwenye kiwango cha pombe cha asilimia 0.05 katika damu yake. Akifikisha saa 24, huwa kama mwenye asilimia 0.10.

Daktari aliyeamka saa kumi na mbili asubuhi, akafanya kazi kutwa, kisha akahojiwa hadi saa saba za usiku, amekwisha kuzipita saa 17. Akikaa mbele ya wahoji atajibu kama aliyelewa. Na akirudi wadini saa mbili asubuhi bila ya usingizi wa kutosha, mgonjwa anayeandikiwa dawa ndiye atakayelipia mahojiano hayo, ilhali hana habari kwamba yalifanyika.

Zamu ya mwenzako

Hapo ndipo penye uzito wa jambo hili. Katika hospitali nyingi za Pwani, daktari mmoja asipokuwapo, pengo lake halizibwi na mtu mpya. Huzibwa na mwenzake, anayefanya zamu mbili, au na afisa wa kliniki, anayebeba mzigo zaidi ya ule aliopangiwa. Likizo ni haki ya daktari, lakini kazi aliyoiacha haiendi likizo pamoja naye.

Kwa sababu hiyo, mwombaji mwenye busara haombi tu. Hutoa pia. Na bahati nzuri ni kwamba siku ambazo hazina thamani kwake katika msimu wa mahojiano ndizo zenye thamani kubwa kwa wenzake.

Mahojiano mengi hufanyika Jumatatu hadi Ijumaa. Kwa hiyo daktari anayejitolea kushika zamu za Jumamosi na Jumapili hapotezi chochote, ilhali mwenzake mwenye familia hupata mwisho wa wiki nyumbani. Mahojiano huwa haba kati ya Krismasi na Mwaka Mpya. Mwombaji atakayeshika zamu ya mkesha wa Krismasi, siku ambayo mwenzake wa kutoka bara angependa kuwa kwa wazazi wake, atakuwa amejinunulia Jumanne mbili za Januari bila ya kugusa likizo yake.

Mabadilishano hayo sharti yaandikwe. Jina la anayetoa, jina la anayepokea, tarehe zote mbili, na idhini ya anayesimamia ratiba. Urafiki peke yake si ushahidi, na zamu iliyoachwa wazi kwa sababu kila mmoja alidhani ni ya mwingine huwa na mgonjwa ndani yake. Anayedaiwa zamu naye na azilipe kabla ya Machi, wala asingoje matokeo. Dawa ya deni ni kulipa, na aliyepata nafasi ng'ambo akaondoka na deni la zamu huwaharibia wanaomfuata mwaka ujao.

Kumweleza mkuu au kumficha?

Wapo wanaoona heri kunyamaza. Huhofu kwamba mkuu wao akijua wanatafuta njia ya kuondoka, watanyimwa nafasi au watapangiwa kazi ngumu. Hofu hiyo si ya kupuuzwa. Lakini kuficha nako kuna gharama zake.

Mwombaji huhitaji barua za mapendekezo kutoka kwa madaktari waliomsimamia, na mara nyingi ni hao hao wanaotia saini fomu za likizo. Habari basi imekwisha kujulikana. Isitoshe, daktari atakayejifanya mgonjwa kila anapoitwa mahojiano anachezea moto. Likizo ya ugonjwa kisheria huambatana na cheti cha daktari, na anayeipata kwa uongo anaweza kuachishwa kazi. Anayetiwa saini cheti cha uongo na rafiki yake amemtia rafiki hatarini pia, mbele ya Baraza la Madaktari.

Njia ya salama ni barua fupi mapema mwezi wa Agosti. Iseme kwamba mwombaji ameomba mafunzo ya ubingwa. Kwamba mahojiano yatakuwa kati ya Oktoba na Januari, tarehe kamili hazijulikani. Kwamba anaomba wiki mbili za likizo katika tarehe alizozitaja. Kwamba siku nyingine atazijulisha mara tu atakapozipata. Na kwamba yuko tayari kushika zamu za mwisho wa wiki na za sikukuu. Barua ya namna hiyo humpa mkuu kitu cha kupangia ratiba. Ombi la siku moja kabla humpa tatizo.

Iwapo mkuu atakataa tarehe fulani kwa sababu za kazi, mwombaji angali na nafasi ya kuwaandikia wa Marekani akiomba tarehe nyingine. Wanaoomba mapema na kwa adabu husikilizwa mara nyingi. Asiyejitokeza bila ya taarifa hujiharibia jina, naye huwa amemzuilia nafasi mwombaji mwingine.

Umeme, mtandao na kelele

Likizo ikipatikana, bado nyumba yenyewe inahitaji kutayarishwa. Nyaya za baharini zinazoiunganisha Kenya na mtandao wa dunia, zikiwemo TEAMS na SEACOM za mwaka 2009, hutua pwani ya Mombasa, si mbali sana na Kiembeni. Lakini ujirani na nyaya hizo si kinga.

Mnamo Mei 2024, hitilafu katika nyaya za EASSy na SEACOM ilipunguza kasi ya mtandao katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki. Mwaka 2023, umeme ulipotea karibu nchi nzima mnamo Agosti, kisha tena Novemba na Desemba, miezi ambayo ni kilele cha mahojiano.

Kwa hiyo mwombaji awe na tarakilishi iliyojaa chaji, simu yenye mtandao wa kampuni tofauti na ule wa nyumbani, na taa ya betri. Awe pia na mahali pa pili alipokwisha kupajaribu, nyumbani kwa jamaa au ofisini, panapoweza kufikiwa bila ya kuvuka daraja. Nambari ya simu ya ofisi inayomhoji iandikwe kwenye karatasi, kwani tarakilishi ikizima, anwani iliyomo huzima nayo.

Majirani nao wajulishwe. Novemba na Desemba ni miezi ya harusi, na vipaza sauti havijui kwamba nyumba ya pili kuna anayehojiwa. Kwa Waislamu, kuna la kuongezea: mwezi wa Ramadhani husogea nyuma kwa takriban siku 11 kila mwaka, na ifikapo mwaka 2028 utakuwa umeanza kugusa mwisho wa Januari. Mahojiano ya New York yanayoanza saa kumi yatakuwa yakiendelea wakati wa kufuturu. Si vibaya kuomba dakika chache za mapumziko, mradi ombi litangulie.

Wanaobaki nchini

Si wote wanaotaka kuvuka bahari. Daktari anayetaka ubingwa nchini Kenya ana njia zake, kama vile shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Nairobi, Chuo Kikuu cha Moi mjini Eldoret, au mafunzo ya Chuo Kikuu cha Aga Khan jijini Nairobi.

Kwake, hesabu ya likizo hugeuka. Anapoitwa ana kwa ana Nairobi, safari ya kutoka Kiembeni hadi stesheni ya reli ya kisasa iliyoko Miritini, kupitia kisiwani na Changamwe, ni safari ndani ya safari. Akijumlisha kwenda, kuhojiwa na kurudi, ni busara aombe siku mbili au tatu kwa mwaliko mmoja.

Lakini mzigo mkubwa zaidi ni ruhusa ya masomo, ambayo si ya siku bali ni ya miaka. Daktari wa serikali ya kaunti anayeipata kwa kawaida hutia saini ahadi ya kurudi na kuhudumu kwa muda fulani. Ahadi hiyo inapaswa kusomwa neno kwa neno kabla ya mahojiano, si baada ya kupata nafasi.

Njia ya tatu ni ile ya Chuo cha Madaktari wa Upasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, COSECSA, kilichoanzishwa mwaka 1999 na chenye makao yake Arusha. Anayejiunga nacho hujifunza akiwa kazini katika hospitali iliyoidhinishwa, na likizo yake huelekezwa zaidi kwenye mitihani.

Baada ya mahojiano

Kosa la mwisho, na lenye gharama kuliko yote, ni kuacha kazi ili mtu apate muda wa kuhojiwa. Mahojiano si nafasi. Kila Machi, wapo waliohojiwa vizuri na hospitali kadhaa ambao huambiwa Jumatatu kwamba hawakupata. Aliyebaki kazini hulia siku moja na kurudi wadini. Aliyejiuzulu Oktoba hulia akiwa hana mshahara.

Anayepata nafasi bado ana muda. Mafunzo ya Marekani kwa kawaida huanza mwanzoni mwa Julai, na sheria ya Kenya inamtaka mfanyakazi anayelipwa kwa mwezi atoe notisi ya maandishi ya siku 28, isipokuwa mkataba wake unataka zaidi. Kati ya Machi na Julai kuna viza ya kutafuta, zamu za kulipa, na wagonjwa wa kukabidhi. Siku za likizo ambazo hakuzitumia ni haki yake, na azidai kwa maandishi kabla ya kuondoka.

Daktari aliyezipanga siku zake vyema huwa amefanya mambo mawili kwa pamoja. Amejipa nafasi ya kujibu maswali akiwa na akili timamu, na amehakikisha kwamba usiku ule taa ya chumba chake ilipokuwa ikiwaka Kiembeni, ng'ambo ya daraja palikuwa na daktari mwingine, aliyelala vya kutosha, akipita kitanda hadi kitanda.